Ufunguo wa karakana uko kwa nani? Jibu kwa mwalimu wa sanaa wa Kwale

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Sanaa na Usanifu katika shule ya mseto huku Kwale. Kidato cha tatu nina wasichana 19 na wavulana 8. Kila ukifika wakati wa kazi ya mradi, wavulana huchukua patasi, wasichana huenda kwenye batiki na ususi, na hakuna aliyewaambia. Mkuu wangu wa idara husema ndivyo walivyoumbwa. Mwakani anastaafu, na mimi nimeshashauriwa nisijisumbue kuomba nafasi yake kwa kuwa nina mtoto mchanga. Juzi msichana mmoja akaniambia, 'Mwalimu, nitajie mwanamke mchongaji wa Afrika Mashariki.' Nikakosa jibu, nikaona haya. Tatizo ni historia, ni sisi wenyewe, au ni mipango ya shule? Nianzie wapi?"

Marahaba, mwalimu. Pole kwa haya uliyoiona, na ujue hukuiona peke yako. Nimefundisha sanaa miaka 31, kwanza chuo cha ualimu kisha chuo kikuu, na swali kama la binti huyo lilinikwamisha mimi nikiwa na shahada mbili. Nilikuwa nimekaririshwa wachongaji wa Italia na Ufaransa, miaka yao ya kuzaliwa na ya kufa, na sikujua jina hata moja la mwanamke aliyeshika nyundo huku kwetu. Kwa hiyo nitamjibu yeye kwanza, maana ndiye anayengoja, halafu nitarudi kwako na kwa mkuu wako wa idara.

Mwambie juu ya Lilian Nabulime wa Uganda, mchongaji na mhadhiri wa Makerere. Amechonga mizizi na magogo, lakini kazi yake inayonigusa zaidi ni ya sabuni. Alipokuwa akisomea uzamivu Newcastle, Uingereza, shahada aliyoimaliza mwaka 2007, alikuwa akitafuta njia ya kuwafanya wanawake na waume zao wazungumze juu ya UKIMWI bila kuinamisha macho. Akatengeneza vinyago vidogo vya sabuni inayopitisha mwanga, maumbo yanayohusu mwili wa mwanamke na wa mwanamume, na ndani yake akafukia mbegu na vitu vingine vidogo. Sabuni imo katika kila nyumba. Haimtishi mtu kuishika, na mtu akishaishika ulimi humfunguka. Kumbuka hiyo sabuni, nitaihitaji tena huko mbele.

Makerere hiyohiyo kuna Rose Namubiru Kirumira, mchongaji aliyefundisha wachongaji wengine. Kenya kuna Chelenge Van Rampelberg, mzaliwa wa Kericho, ambaye hakupita chuo chochote cha sanaa, alijifundisha mwenyewe mpaka akawa anachonga magogo makubwa. Kuna Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba za wanawake walioketi ziliwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, katika vishubaka vilivyokuwa vitupu tangu ukuta ule ukamilike mwaka 1902. Ukivuka Ruvuma, kuna Reinata Sadimba wa Msumbiji, Mmakonde. Kwa Wamakonde kuchonga mpingo kulikuwa kazi ya wanaume, na wanawake walifinyanga vyungu. Yeye alifundishwa udongo na mama yake, kisha udongo uleule akaufanya watu: mama mwenye watoto mgongoni na kichwani, viumbe wenye chale za Kimakonde usoni. Miaka ya 1980 aliishi Tanzania.

Na Magdalene Odundo, ambaye nataka umweleze binti huyo taratibu, kwa sababu safari yake ina funzo kwa mwalimu pia. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaanza kazi ya uchoraji wa matangazo, akaenda Uingereza mwaka 1971. Udongo aliukuta chuoni huko. Lakini katikati ya miaka ya 1970 alirudi Afrika, akaenda Abuja ya zamani, mji ambao leo unaitwa Suleja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alikokuwa Ladi Kwali. Ladi Kwali alijifunza kufinyanga kijijini, kwa wanawake wa ukoo wake. Alipoingia kituoni mwaka 1954 alikuwa mwanamke wa kwanza humo. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Odundo alijifunza huko kujenga chungu kwa mkono bila gurudumu, na mpaka leo ndivyo anavyojenga: anapandisha udongo kidogokidogo, anausugua hadi ung'ae, ndipo anauchoma. Mwaka 2018 akateuliwa kuwa Chansela wa University for the Creative Arts ya Uingereza, chuo kilichotokana na vyuo ambavyo kimoja chao ndicho alichosomea. Mwanafunzi akarudi kuwa mkuu. Na katikati ya safari hiyo yupo mwanamke wa kijijini aliyejua kazi, na kituo kilichokubali kwamba ujuzi wake ni elimu.

Sasa turudi kwako. Ukimpa binti majina haya atafurahi, lakini wiki ijayo atarudi darasani akute patasi ziko mikononi mwa wavulana kama juzi. Umeuliza kama tatizo ni historia, ni ninyi, au ni mipango ya shule. Mimi nasema ni mipango, na historia ya eneo letu inanishuhudia.

Elimu ya sanaa ya vyuoni Afrika Mashariki ilianzishwa na mwanamke. Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha kuchora barazani kwake Kampala mwaka 1937, masomo yake yakakua yakawa shule ya sanaa ya Makerere, akaiongoza mpaka mwaka 1958. Shule hiyo ina jina lake hadi leo. Mtu angetegemea basi wanafunzi wake mashuhuri wawe wa kike. Ukiuliza nani walitoka mikononi mwake utaambiwa Gregory Maloba, Sam Ntiro, Elimo Njau. Chuo chenyewe kilikuwa na kaulimbiu iliyosema "Tuwe wanaume". Mwaka 1945 wanawake sita wa kwanza walipoandikishwa, kaulimbiu ikabadilishwa, ikawa "Twajenga kwa ajili ya siku zijazo". Mwanamke alikuwa juu kabisa ya shule ya sanaa, na chini yake mpango wa chuo kizima ulikuwa wa kiume. Nakwambia haya mapema ili tukija kwenye suala la wewe kuwa mkuu wa idara usidhani kukikalia kiti kunatosha.

Msichana wa kwanza kusomea sanaa pale alikuwa Rosemary Karuga, mzaliwa wa Meru, mwaka 1928. Aliingia Makerere mwaka 1950 akahitimu mwaka 1952. Hapo nakuomba usimame kidogo. Wanaume wa zama zile walipohitimu waliendelea: Ntiro alikwenda kusoma London, akarudi kufundisha Makerere, na baada ya uhuru akawa balozi wa Tanganyika Uingereza. Karuga alirudi Kenya, akaolewa, akalea, akafundisha shule ya msingi. Kazi yake mwenyewe ya sanaa akaiweka kando. Aliishika tena miaka ya 1980 ikielekea mwisho, baada ya kustaafu, alipopata nafasi ya kufanya kazi katika kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi. Rangi zilikuwa ghali. Akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akavikata vipandevipande, akavibandika, na katika vipande vile wakatoka kuku, ng'ombe, akina mama shambani, kwa mwangaza ambao wengi hatuupati hata kwa rangi za mafuta.

Kutoka 1952 hadi hapo ni miaka 35 hivi. Watu humsifu kwa kutengeneza uzuri kutokana na makaratasi ya kutupwa, na sifa hiyo anaistahili. Mimi kila nikizitazama picha zile nauliza angefanya nini angepewa turubai na rangi akiwa na miaka 30, na mtu wa kumshikia watoto mara mbili kwa juma. Jicho lake halikuchakaa, tunaliona. Alifariki mwaka 2021 akiwa na zaidi ya miaka 90. Hakunyimwa kuingia chuoni. Alichokosa kilikuwa baada ya chuo.

Aliyemfuata baada ya miaka kadhaa, Theresa Musoke wa Uganda, alichora picha kubwa ukutani katika bweni la wanawake la Mary Stuart, Makerere, miaka ya 1960, juu ya uzazi na uhai mpya. Baadaye aliishi Kenya miaka mingi akifundisha na kuchora, kabla ya kurudi kwao. Uzazi, ukutani, chuo kikuu! Wanaokwambia mtoto mchanga anakuondolea sifa ya uongozi wa sanaa wangekwenda kuutazama ukuta ule.

Huko Uganda serikali ilijaribu kurekebisha mlango: tangu mwaka wa masomo 1990/91 wasichana wanaoomba nafasi vyuo vya umma huongezewa alama 1.5. Wameingia wengi, na siku hizi wapo wanaozichunguza kazi zenyewe. Amanda Tumusiime, mchoraji na mwalimu wa Makerere, uzamivu wake wote ulihusu namna mwanamke mpya anavyochorwa katika sanaa ya Uganda. Naziunga mkono alama zile. Lakini alama 1.5 zinakufikisha getini. Ukishaingia, nani anafungua karakana?

Nakueleza kwa nini neno karakana halinitoki mdomoni. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, karakana ya uchongaji ilifunguliwa asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, na ufunguo ulikaa kwa fundi. Wavulana walizoeana naye. Wakimwomba aliwaachia, wakafanya kazi mpaka usiku wa manane. Sisi wasichana watatu bweni letu lilifungwa saa moja jioni, kwa usalama wetu, tukaambiwa, na sikatai kwamba usiku ulikuwa na hatari. Lakini hesabu ikawa hivi: kwa wiki moja wenzetu walipata karibu saa 30 za kuchonga zaidi yetu. Kwa muhula mzima ni mamia ya saa. Siku ya maonyesho sanamu zao zilikuwa kubwa, zetu ndogo. Mtahini akaandika juu ya yangu: "Nyororo, yenye hisia za kike." Ilikuwa ndogo kwa sababu ya kufuli. Nilikaa na maneno yale miaka, nikiamini mkono wangu ndivyo ulivyo, mpaka nikawa mhadhiri na nikashika ufunguo mwenyewe.

Kwa hiyo mkuu wako anaposema ndivyo walivyoumbwa, anasoma matokeo ya kufuli akidhani ni maumbile. Wala si yeye wa kwanza. Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, ilipoanzishwa mwaka 1768 ilikuwa na wanawake wawili kati ya waasisi, Angelica Kauffman na Mary Moser. Mchoraji Johan Zoffany akawachora wanachama wa chuo wamekusanyika darasani wakimtazama modeli wa kiume aliye uchi. Wanawake wale hawakuruhusiwa kuwa chumba kimoja na modeli, basi akawachora kama picha mbili zimetundikwa ukutani. Waasisi wa chuo, wametundikwa kama mapambo! Mwanahistoria wa Marekani Linda Nochlin aliyatumia mambo kama hayo mwaka 1971 kuonyesha kwamba ukimnyima mtu somo la mwili wa binadamu, halafu ukauliza mbona hajachora picha kubwa zenye miili ya binadamu, umejiuliza na kujijibu mwenyewe. Na mwaka 1860 Laura Herford aliipeleka michoro yake katika shule ya chuo hicho akiwa ameandika herufi za mwanzo tu za jina lake. Wakaikubali. Walipogundua ni mwanamke, hawakupata kanuni yoyote ya kumkataa. Nitalirudia jambo hilo nikifika kwenye usahihishaji.

Upande wa ususi nao una kisa chake. Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, ilipofunguliwa mwaka 1919 ilitangaza kwamba wanaume na wanawake watakuwa sawa. Wanawake wakaja wengi kuliko walivyotazamiwa. Uongozi ukaingiwa na hofu, ukaanza kuwasukumia karakana ya ufumaji. Anni Albers alitaka kazi ya vioo, akapelekwa kwenye nyuzi. Marianne Brandt alifaulu kuingia karakana ya chuma, na baadaye akaiongoza kwa muda. Albers alibaki na nyuzi zake mpaka mwaka 1949 akawa mfumaji wa kwanza kupewa maonyesho yake peke yake katika Museum of Modern Art, New York.

Hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu nimeona walimu wengi wakikosea, nami nilikosea. Usiwatoe wasichana kwenye ususi kama mtu anayewaokoa na jambo la aibu. Bibi zao huko Kwale wanasuka ukili, wanauunga kuwa mkeka, na mkeka ule una hesabu ndani yake ambayo ukiikosea safu moja nakshi nzima inapinda. Hiyo ni elimu ya sanaa, ina walimu wake, ina miaka yake ya kujifunza, na sehemu kubwa yake imekuwa chini ya uongozi wa wanawake tangu kabla ya Makerere. Ubaya ni pale binti anapopelekwa kwenye ususi bila kuchagua, na pale mtahini anapoupa alama ndogo kuliko gogo. Na tazama mambo yanavyogeuka: kanzu ikidariziwa shingoni na mwanamume, tunamwita fundi. Dada yake akidarizi foronya tunasema anapitisha wakati.

Nenda Tabaka, Kisii, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kuchongea. Kwa kawaida wanaume ndio wanaochonga, na wanawake hukaa na beseni la maji na msasa wakilainisha. Mikono ya wale akina mama inalijua jiwe pengine kuliko ya mchongaji, maana ndiyo inayopapasa kila kosa lake. Lakini jina linaloandikwa chini ya sanamu, kama lipo, si lao. Ukiwapeleka wanafunzi kwenye ushirika wa wachongaji wa Akamba pale Changamwe, na nakushauri uwapeleke, watakuta hali kama hiyo: wanaoshika tezo karibu wote ni wanaume. Waambie kabla hamjaondoka. Waambie wahesabu, halafu wawaulize wazee pale, kwa adabu, walifundishwa na nani na wao wamemfundisha nani. Wengi watasema baba, mjomba, mtoto wa kiume. Wasichana wenyewe wataona njia ambayo ujuzi hupitia, wataona pia mahali ambapo wao hawapo, bila wewe kuhubiri.

Uanzie wapi, umeuliza. Anza na daftari. Kwa wiki mbili usibadilishe kitu chochote, andika tu: nani ameshika patasi na kwa dakika ngapi, nani amefagia, nani ametumwa maji, nani amechukua vifaa wa kwanza, umemwita nani ubaoni, kazi ya nani iko ukutani. Jiandike na wewe. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuta kwamba mimi, niliyejiona mtetezi, nilikuwa nawatuma wasichana kuosha brashi mara tatu zaidi ya wavulana. Nilisikitika, lakini nilifurahi kulijua, kwa sababu jambo lenye hesabu unaweza kulipeleka kwenye kikao cha idara. "Ndivyo walivyoumbwa" haina pa kusimama mbele ya karatasi inayoonyesha kwamba katika vipindi vinane wavulana 8 wametumia zana zote za kuchongea na wasichana 19 hawajazigusa.

Wiki ya tatu, ondoa hiari. Najua mtaala unampa mwanafunzi uhuru wa kuchagua mradi, na uhuru huo ni mzuri, ila hauna maana kwa mtu ambaye hajawahi kuonja. Kila mwanafunzi apitie kila kazi kwa muda uleule kabla ya kuchagua: kuchonga, kufinyanga, kusuka, batiki. Wavulana nao wakae na ukili. Usiwaachie wanong'one. Mkaribishe bibi mmoja wa kijijini aje awafundishe kusuka, na umlipe hata kama ni kidogo, umtambulishe kama mwalimu mgeni, akae kiti cha mwalimu. Mvulana akishindwa kuunga ukili mbele ya bibi yule, heshima itakuja yenyewe.

Kwenye kuchonga, ndipo ile sabuni. Nunua mche wa sabuni ya kufulia, ukate vipande 27. Kisu butu cha mezani na kijiko vinatosha. Sabuni haihitaji nguvu, haimvunji moyo anayeanza, makombo yake yanafulia aproni. Waonyeshe picha za kazi ya Nabulime ulizochagua kwa umri wao, waambie kwamba mhadhiri wa chuo kikuu amefanyia shahada ya juu kabisa kitu hikihiki. Baada ya wiki mbili hamia mbao laini. Gogo la mwembe litapatikana bure kila mvua ikiangusha tawi. Kagua mipini ya nyundo na patasi. Zana nyingi za shuleni zina mipini minene, na mkono mdogo huchoka upesi, mwenye mkono akadhani hajui. Fundi seremala atakupunguzia kwa dakika kumi. Meza iliyo juu mno nayo huwachosha wafupi. Weka kibao cha kukanyagia.

Kuna mzazi atakayekuja kukwambia binti yake hachongi sanamu, kwa dini yake. Mheshimu, usibishane. Mweleze juu ya milango ya Lamu, maua na mizunguko isiyo na sura ya kiumbe, na umwombe binti achonge nakshi. Ni kazi ngumu kuliko kinyago, na kijadi ilikuwa mikononi mwa wanaume. Sijawahi kumpata mzazi wa pwani aliyeikataa nakshi.

Juu ya usahihishaji, fanya kama bahati ilivyomfanyia Laura Herford, ila kwa mpango. Tafuta mwalimu wa shule jirani mbadilishane kazi za miradi zikiwa na namba bila majina. Alama zako za awali ziandike pembeni. Zikirudi, linganisha. Mtihani wa taifa tayari hutumia namba, kwa hiyo hakuna atakayesema umeleta mambo mageni.

Sasa ukuu wa idara. Omba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri vivyo hivyo. Ushauri ule ulipewa kwa mdomo, na waliokupa hawatauweka kwenye karatasi. Wewe weka lako kwenye karatasi: barua ya maombi, pamoja na hesabu za lile daftari na mpango wako wa karakana. Usiombe msamaha kwa ajili ya mtoto, wala usimtaje. Na kama kuna mwanamume mwenye mtoto mchanga hapo shuleni, angalia kama kuna aliyemshauri asiombe cheo.

Wakati nao ni mzuri. Kidato chako cha tatu ni cha mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Nyuma yao wanakuja wanafunzi wa gredi ya 10, walioanza mwaka 2026, na mmoja kati ya mikondo mitatu ya shule za juu ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Atakayekalia kiti hicho atapanga ratiba upya, atagawa fedha za vifaa, ataamua nani aende semina, na ataweka ufunguo mfukoni mwake. Mambo hayo manne ndiyo uongozi wa idara ya sanaa, mengine ni vikao. Ukipata, fungua karakana saa ambazo wasichana wanaweza kuwepo: mchana wa chakula, Jumamosi asubuhi. Wa bweni na wa kutwa wasipimwe kwa saa zisizo sawa. Ufunguo wa pili mpe mwanafunzi, abadilike kila mwezi, msichana kisha mvulana.

Usipopata, mpelekee atakayepata daftari lako na mpango uleule. Amekuwa mkuu, naye atahitaji mtu anayejua kinachoendelea kwenye meza za nyuma.

Na jambo la mwisho ni lako wewe kama msanii. Hukunitajia hata mara moja kazi yako mwenyewe, wala mara ya mwisho kuchora ilikuwa lini. Kwa mtoto mchanga naelewa. Lakini nimemtaja Karuga kwa sababu hiyo pia. Hata iwe saa moja Jumamosi, karakana ikiwa wazi, wanafunzi wanachonga, nawe kaa uchonge chako humohumo, waone mwalimu wao ana kazi. Mtoto alale kwenye mkeka karibu nawe kama hapana wa kumshika. Nilimlaza wangu wa pili kwenye sanduku la udongo mkavu, na sasa ana watoto wake.

Niandikie mwisho wa muhula uniambie daftari limesema nini na vile vipande 27 vimekuwa nini. Nibusie mtoto.